Mji ukishachafuka jina, sisi wenye nyumba za wageni tunafanyaje? (Uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Naomba hili tulijadili kwa utulivu maana linagusa riziki za watu wengi kuliko tunavyodhani.

Juzi nimepata ujumbe wa mgeni aliyekuwa amebuku kwangu usiku sita, kakansel zikiwa zimebaki siku mbili. Hakuficha sababu. Anasema jioni walikaa na mkewe wakaanza kuangalia video za mji wetu mtandaoni, wakaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwisho mke akasema hapana, bora hela ipotee kuliko kwenda kukabwa ugenini.

Nina mwaka wa nne sasa napangisha apatimenti mbili kwa wageni wa siku chache chache. Muda wote huo mgeni wangu hata mmoja hajaporwa mtaani kwangu. Sisemi mji hauna vibaka, wapo, na ipo mitaa ambayo hata mimi mwenyeji usiku sipiti. Kilichoniuma ni kwamba yule bwana hakuniuliza chochote kuhusu mtaa, yeye aliogopa jina la mji zima zima, na jina la mji mimi sina uwezo wa kulipiga deki.

Hoja yangu ni hii. Uhalifu unakaa kwenye mitaa, tena mitaa michache sana, lakini sifa mbaya inabebwa na jina la mji wote. Kuna mtaalamu wa uhalifu anaitwa David Weisburd, yeye na wenzake walichambua mji wa Seattle kipande kwa kipande cha barabara kwa miaka 14, wakakuta kama asilimia 4 au 5 tu ya vipande ndiyo vinabeba karibu nusu ya uhalifu wote uliorekodiwa. Na hali ya namna hiyo imeonekana kwenye miji mingine pia. Yani unaweza kukuta kona moja ni balaa, unatembea dakika tatu mbele unakuta watoto wanacheza mpira na wazee wamekaa barazani.

Halafu kuna hili la orodha za miji hatari duniani zinazosambaa kila mwaka. Zile orodha nyingi zinachukua idadi ya waliouawa zinagawanya kwa idadi ya wakazi, sasa inategemea mpaka wa mji umechorwa wapi. St. Louis kule Marekani ilijitenga na kaunti yake tangu 1876, kwa hiyo mpaka wa mji umebana katikati tu, vitongoji vingi vilivyotulia viko nje ya hesabu. Kila orodha ikitoka St. Louis iko juu, wakati kuna miji mingine ambayo mipaka yake imemeza vitongoji vyote na hesabu inaonekana nzuri. Sisemi St. Louis ni salama, mauaji yapo na watu wanaumia. Nasema mtu anayechagua pa kulala kwa kutumia ile orodha anapima kitu kingine kabisa.

Naomba michango, hasa wenye nyumba na wasafiri.

#2

Mkuu nimekuelewa ila ngoja nikupe upande wa msafiri. Mimi nikishuka uwanja wa ndege saa sita usiku na watoto wawili, mmoja amelala begani, hizo asilimia 4 za barabara sizijui ziko wapi. Wewe unazijua kwa sababu umekulia hapo. Dereva wa teksi akikosea njia mimi sitajua kama nimeingia kwenye kona ya balaa au kwenye mtaa wa wazee wa barazani. Kwa hiyo naangalia jina la mji, maana ndiyo taarifa pekee niliyonayo. Usimlaumu yule mama, alikuwa analinda familia yake.

#3 Mleta mada

Dada (kama nimekosea unisamehe) umesema kweli tupu na nimekaa nayo kwa muda kabla ya kujibu. Simlaumu. Hofu ya mgeni ina akili yake, mwenyeji ana ramani kichwani, mgeni hana, na wala hana ndugu wa kumpigia. Ila unaona shida ilipo, kama taarifa pekee aliyonayo ni jina, basi kazi ya kumpa taarifa ya mtaa ni yangu mimi mwenye nyumba na sikuwa nimeifanya. Tangazo langu lilikuwa na picha za vitanda na pazia, kuhusu njia ya kufika kutoka stesheni hakuna hata neno moja.

#4

Wadau mnasahau kitu kimoja, sifa mbaya haisababishwi na wahalifu peke yao. Someni habari ya New York 1975. Mji ulikuwa karibu kufilisika, serikali ya mji inataka kupunguza maelfu ya polisi na zimamoto, vyama vya hao hao polisi na zimamoto vikachapisha kijitabu kina fuvu la kichwa kwenye jalada, kichwa cha habari kinawakaribisha wageni kwenye mji wa hofu, kikagawiwa kwa wasafiri viwanja vya ndege. Ndani wanakwambia usitembee kwa miguu baada ya saa kumi na mbili jioni, usipande treni za chini, usitoke nje ya Manhattan, yani katikati ya mji. Serikali ya mji ilikimbilia mahakamani kujaribu kuzuia. Yani mpaka walinzi wa mji nao walikuwa na sababu zao za kuuchafua.

Miaka miwili baadaye, 1977, ndiyo ikaja kampeni ya kuipenda New York, ile nembo ya moyo mwekundu aliyoichora Milton Glaser. Watu wengi wanadhani ile nembo ilikuja baada ya mji kutulia. Hapana. Mauaji yaliendelea kupanda mpaka 1990 yakapita 2,200 kwa mwaka mmoja, na kushuka kulianza baada ya hapo, 2017 yakawa chini ya 300. Kwa hiyo sifa na uhalifu kila kimoja kinatembea kwa mwendo wake. Nembo ilitangulia usalama kwa zaidi ya miaka kumi.

#5

Na kinyume chake pia kipo mkuu #4, usalama ukatangulia sifa. Medellín, kule Colombia.

1991 ule mji ulikuwa na mauaji kama 380 kwa kila watu 100,000, namba ambayo ukiisoma unarudia kuisoma. Pablo Escobar, yule bosi wa dawa za kulevya, akauawa Desemba 1993, lakini mji haukutulia siku ya pili yake kama watu wanavyosimulia, vita vya magenge na wanamgambo viliendelea, 2002 jeshi liliingia Comuna 13, mitaa ya maskini ya vilimani, kwa operesheni ambayo mpaka leo familia zinatafuta ndugu zao waliopotea. Treni ya mjini ilianza 1995, 2004 wakaweka kebo ya angani ya kubeba abiria kwenda vilimani kwa maskini, 2011 wakaweka ngazi za umeme hapo hapo Comuna 13. Leo kiwango cha mauaji kimeshuka sana, kiko chini ya 20 kwa kila 100,000.

Lakini muulize mtu yeyote asiyefika, neno la kwanza linalomtoka mdomoni ni Escobar. Zaidi ya miaka thelathini! Tamthilia za televisheni zimemfufua, wageni wanakuja kutafuta nyumba zake na kaburi lake, 2019 uongozi wa mji ukalibomoa jengo la Monaco alilokuwa anakaa, wakaweka bustani ya kumbukumbu ya waliouawa. Mimi nawaunga mkono kabisa. Haiwezekani mtu aliyeua baba yako awe ndiyo kivutio cha utalii.

#6 Mleta mada

#5 asante sana, na nataka niongezee hapo hapo kwenye Medellín maana ndipo penye somo la nyumba zetu. Sifa ilipoanza kugeuka wageni wakajaa, wanaofanya kazi kwa laptopu kutoka Marekani na Ulaya, mitaa ya El Poblado na Laureles apatimenti zikageuzwa za kulala siku chache, kodi ikapanda, wenyeji wakaanza kusukumwa nje. Na sifa ya starehe ikaleta aina yake ya hatari. Januari 2024 ubalozi wa Marekani nchini Colombia ulitoa onyo baada ya raia wake 8 kufa kwa mazingira ya kutatanisha Medellín ndani ya miezi miwili tu, Novemba na Desemba 2023, baadhi ya visa vikihusishwa na watu waliokutana nao kwenye programu za kutafuta wapenzi, wengine kuleweshwa dawa na kuibiwa.

Ile hatari haikuwa ya mtaani. Ilikuwa inaingia ndani ya chumba, mgeni mwenyewe anamfungulia mlango mtu aliyejuana naye saa tatu zilizopita. Sasa sisi wenye nyumba tunaweka geti, tunaweka kamera nje, tunaajiri mlinzi, lakini tumekaa kimya kuhusu hili kwa sababu tunaona aibu kuongea na mgeni mambo ya faragha yake. Mimi nimeshaamua nitalisema, kwa heshima, ila nitalisema.

#7

Habari zenu kaka zangu. Mimi nasimamia nyumba za watu wengine, siyo zangu. Mmeongelea jina la mji, naomba niongelee jina la nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 Florida ilipata wimbi la watalii kuporwa na kuuawa, wengi wakiwa ndani ya magari ya kukodi. Wahalifu walikuwa wanajuaje gari ni la kukodi? Namba za magari yale zilianza na herufi Y au Z! Na mengine yana stika ya kampuni nyuma. Yani ni kama kumbandika mgeni karatasi mgongoni imeandikwa mimi sijui njia na nina hela mfukoni. 1993 baada ya mauaji yaliyotikisa Ulaya nzima jimbo lilisimamisha matangazo yake ya utalii kwa muda, na zile alama za kwenye magari zikaondolewa.

Sasa angalieni milango yetu. Kile kisanduku cha funguo chenye namba za kubonyeza kinachoning'inia getini ni herufi Z ileile. Anayepita anajua humu wanalala wageni, leo wako wanane kesho hakuna mtu, na majirani hawatashangaa kuona sura ngeni inatoka na begi. Miji kama Paris na Florence imeanza kuvipiga marufuku kwenye maeneo ya umma, ingawa wao zaidi ni kwa sababu wenyeji wamechoka na utalii wenyewe. Mimi niliviondoa baada ya nyumba moja kuingiliwa mchana, bila kitasa kuvunjwa, mtu alikuwa anazijua namba maana mwenye nyumba hakuwahi kuzibadilisha tangu aweke. Laptopu mbili na pasi za kusafiria. Yule dada mgeni alilia mpaka akanyamaza mwenyewe, nilikosa cha kumwambia.

Siku hizi napokea kila mgeni kwa mikono yangu hata akifika usiku wa manane. Ni kazi ngumu, usingizi haupo. Lakini ile dakika kumi ya kumpokea ndiyo namwonyesha upande gani wa barabara apite.

#8

Pole sana dada #7. Swali la haraka, nyumba ikiwa na kamera ndani haisaidii?

#9

#8 hapana usifanye hivyo. Airbnb, lile jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba kwa wageni, wamezuia kamera zote za ndani tangu mwisho wa Aprili 2024, za nje zinaruhusiwa ila lazima uzitaje kwenye tangazo. Na hata isingekuwa sheria yao, mgeni akikuta kamera chumbani hakuna mhalifu atakayekuharibia jina kuliko hiyo.

#10

Mleta mada umesema utoe taarifa ya mtaa kwenye tangazo. Hela itatoka wapi ukishaandika hapa usipite usiku? Mwenzako jirani hajaandika, mgeni ataenda kwake. Mimi nilijaribu kuwa mkweli mwaka juzi, buking zilishuka, nikafuta.

#11 Mleta mada

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye huu uzi na sitakudanganya kwamba ukweli haugharimu.

Kwanza ujue kwamba hata majukwaa yenyewe yanavutwa huku na huku. Mwishoni mwa 2019 Airbnb walibadilisha utaratibu wa maoni ili mgeni asilalamikie vitu ambavyo mwenye nyumba hana uwezo navyo, na usalama wa mtaa ukaingia humo. Ukiangalia kwa jicho la mwenye nyumba ni haki kabisa, kwa nini nishushiwe nyota kwa sababu ya kibaka wa kona ya tatu? Lakini kwa jicho la yule mama wa watoto wawili, umemzibia dirisha pekee alilokuwa nalo la kuona mtaa. Watafiti wakina Culotta, Jin, Sun na Wagman walichambua maoni ya wageni kwenye miji mitano ya Marekani na kitu kimoja walichokuta ni kwamba malalamiko ya usalama ni machache mno, hayafiki hata asilimia moja ya maoni yote, lakini mgeni aliyeyaandika kuhusu mtaa uwezekano wake wa kurudi kubuku kwenye jukwaa unashuka sana. Harudi kwako, harudi hata kwa jirani yako, na nyumbani kwao anasimulia.

Kwa hiyo wewe ulipofuta ile sentensi uliokoa buking za mwezi ule, sikatai. Ila mgeni aliyekuja bila kujua akaporwa simu kwenye kona unayoijua wewe, huyo ndiyo anatengeneza video ya nne ambayo mke wa mgeni wangu ataiangalia. Sisi wenyewe tunalisha lile jina baya kwa kunyamaza.

Halafu kuna namna ya kuandika mkuu. Usiandike mtaa huu ni hatari. Andika kutoka stesheni shika barabara kubwa yenye maduka, usikate kupitia chini ya daraja ingawa ramani ya simu itakuelekeza huko kwa sababu ni karibu, baada ya saa nne chukua teksi, simu usiishike mkononi ukiwa umesimama karibu na barabara maana pikipiki wanakwapua. Mgeni akisoma hivyo haogopi, anaona kuna mtu anamjali.

#12

Msisahau ofisi za serikali za nje. Marekani tangu Januari 2018 wanapanga nchi na hata majimbo kwa ngazi 1 mpaka 4, na wakiona shida ni uhalifu wanaweka alama ya C. Uingereza nao wana ushauri wao, na ukisafiri kwenda sehemu ambayo serikali yao imeshauri usiende bima ya safari mara nyingi haikulipi. Hapo ndiyo jina baya linageuka kuwa hesabu. Makundi ya shule, makampuni, mikutano, hao hawaangalii video, wanaangalia bima. Acapulco kule Mexico ilikuwa pwani ya mastaa wa sinema, magenge yalipoingia wageni wa kimataifa wakapukutika, meli za kitalii nazo, na baadaye jimbo lake la Guerrero likawekwa ngazi ya 4. Ila watu wa Mexico City wameendelea kwenda kwa magari yao wikendi, kwa sababu wao wana binamu kule wa kumpigia simu wamuulize leo hali ikoje. Ndiyo ile ramani ya kichwani aliyosema mleta mada.

#13

Na aina ya uhalifu inachangia sana. Barcelona kila mtu anajua kuna wachomoaji, mgeni anafunga zipu anaenda, mji umefurika mpaka uongozi umesema unataka leseni zote zaidi ya 10,000 za apatimenti za watalii ziishe ifikapo Novemba 2028. Wizi wa mfukoni watu wanauzoea. Risasi hawaizoei.

#14

Mimi siyo mwenye nyumba wala msafiri, mimi ni jirani. Mnaongea uzi mzima kana kwamba kwenye mji kuna watu wa aina mbili tu, anayepangisha na anayelala.

Boston walifanya utafiti uliotoka 2021, waliangalia miaka ya 2011 mpaka 2017, wakakuta mitaa ambayo majengo mengi yaligeuka ya Airbnb vurugu ziliongezeka miaka iliyofuata, na maelezo yao siyo kwamba watalii ndiyo wahalifu. Ni kwamba majirani wamepungua. Jengo letu lina ghorofa nne, zamani nilikuwa namjua kila anayepanda ngazi, mama wa ghorofa ya pili alikuwa anakaa dirishani na hakuna mtoto wa mtu aliyethubutu kugusa baiskeli. Nyumba yake sasa ni ya wageni. Dirisha limefungwa siku nne kwa wiki. Mimi sasa nikisikia kishindo usiku sijui kama ni mgeni kafika au mwizi, kwa hiyo sitoki.

Mnatafuta mitaa yenye utulivu muwauzie wageni, lakini ule utulivu tulikuwa tunautengeneza sisi.

#15 Mleta mada

#14 nimesoma ujumbe wako mara tatu. Sina jibu la kukutosheleza. Mimi ni mmoja wa walioyageuza majengo kama lenu, kwenye letu ghorofa ya kwanza alikaa fundi cherehani na familia yake kabla yangu. Ninachoweza kuahidi hapa mbele ya wadau ni kitu kidogo, namba yangu ya simu nitaibandika kwa kila jirani wa ngazi yetu ili wakisikia kishindo wanipigie, na kila mgeni akiingia nitawatumia ujumbe majirani kwamba watu wangapi wamefika saa ngapi. Hiyo apatimenti ya pili mkataba wa wageni ukiisha mwezi ujao naangalia uwezekano wa kuipangisha kwa mwaka kwa familia. Hesabu bado inanikaba lakini naiangalia.

#16 Mleta mada

Mrejesho wadau. Nimebadilisha tangazo juzi usiku, nimeandika njia ya kutoka stesheni, nimeandika habari ya daraja, nimeandika habari ya kuleta chumbani watu usiowajua. Wawili wamelisoma wakaondoka bila kubuku, naona kwenye takwimu za ukurasa. Wa tatu ni dada anasafiri peke yake, kaniuliza hiyo barabara ya maduka saa tano usiku taa zinawaka? Nikashuka mwenyewe usiku ule kwenda kuangalia, maana nimeishi hapa miaka yote na sikuwahi kuzihesabu. Zinawaka mpaka kona ya pili, baada ya hapo mbili zimekufa. Nimemwandikia hivyo hivyo na nikamwambia treni yake ikiingia nitakuwa nimesimama kwenye ile kona. Amebuku.